Kumbukumbu Mbele ya Hakimu

Nazungumza nawe kutoka Ngarenaro, hapa Arusha mjini, na leo naanza na swali kwa wenye umri. Alhamisi ya tarehe 12 Aprili 1984, siku Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa na nani? Habari ilikufikiaje?

Huku kwetu swali hilo haliulizwi mara mbili. Sokoine alikuwa mtu wa Monduli, amezikwa Monduli Juu, na barabara kubwa ya mji huu inaitwa kwa jina lake. Mzee atakueleza bila kusita alikuwa amekaa wapi, nani aliongeza sauti ya redio, mama yupi alianza kulia. Mimi huwa nasikiliza kwa raha. Lakini akitokea mmoja akakuambia kwamba jioni ile alimwona Mwalimu Nyerere kwenye televisheni ya taifa, hapa hapa Arusha, akitangaza msiba, msikilize mpaka mwisho kisha ujiulize: televisheni ipi? Mwaka 1984 Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni. Hiyo ilikuja miaka ya 1990.

Sasa mzee huyo ni mwongo? Ukimwapisha ataapa. Picha anayo kweli kichwani, na machozi yake ni ya kweli. Ila picha ile imeingia baadaye, pengine kwenye vipindi vya maadhimisho ya kila Aprili, ikaja kukaa mahali ambapo zamani palikuwa na sauti peke yake.

Wanasaikolojia wameifuatilia hali hii kwa muda mrefu. Mwaka 1977 Roger Brown na James Kulik, wote wa Marekani, walitoa hoja kwamba habari nzito ya ghafla, kama kuuawa kwa Rais Kennedy, inapigwa chapa akilini mara moja, ikabaki na kila kilichokuwepo pale: mahali, watu, shughuli iliyokuwa ikiendelea. Hoja iliwavutia wengi kwa sababu kila mtu anaijua hali hiyo. Mmoja aliyeishuku alikuwa Ulric Neisser, mtu mkubwa katika fani hii, na shaka yake ilianzia kwake mwenyewe. Kwa miaka mingi alikumbuka wazi jinsi alivyosikia, akiwa mtoto, kwamba Japani imeishambulia Pearl Harbor: alikuwa ameketi sebuleni akisikiliza mchezo wa besiboli redioni, mtangazaji akaukatiza. Siku moja, akiwa mtu mzima, ikamjia kwamba shambulio lilitokea tarehe 7 Desemba 1941, na Marekani hakuna besiboli mwezi Desemba.

Haikuishia hapo, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Wenzake waliochimba kumbukumbu za magazeti walikuta kwamba siku ile redio ilikuwa ikitangaza mchezo mwingine, ule mpira wa Kimarekani wa kushika kwa mikono, na timu zilizokuwa uwanjani New York ziliitwa Giants na Dodgers. Majina hayo hayo yalikuwa ya timu za besiboli za mji ule. Kwa hiyo redio ilikuwepo, mchezo ulikuwepo, majina yalikuwepo. Akili ya mtoto ikayachukua yale majina ikayavalisha mchezo iliouzoea.

Baadaye Neisser na Nicole Harsch walifanya jaribio. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Challenger kililipuka angani. Kesho yake waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, karatasi waandike walivyoipata habari. Baada ya miaka kama miwili na nusu waliwauliza wanafunzi 44 kati yao maswali yale yale. Walipolinganisha majibu, wanafunzi 11, yaani robo nzima, hawakupata hata jambo moja kubwa sawa na walivyoandika wenyewe. Mahali pengine, watu wengine, njia nyingine ya kupata habari. Na uhakika waliokuwa nao haukusaidia kujua nani yuko sahihi. Aliyekosea kabisa alizungumza kwa kujiamini kama aliyepatia. Walipoonyeshwa karatasi zenye mwandiko wao, kumbukumbu ya kwanza haikurudi. Walibaki na ile ya pili.

Sisi wa Arusha tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Kwa takriban miaka 20, ndani ya jengo la mikutano la AICC, palikuwa na nyumba ambayo kazi yake, ukiivua majoho, ilikuwa kupima kumbukumbu za watu. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda tarehe 8 Novemba 1994, makao yake yakawekwa hapa. Ilifungwa mwisho wa 2015. Washtakiwa walikuwa 93, na mashahidi waliosikilizwa walizidi 3,000. Wengi wetu mjini tuliifahamu zaidi kwa magari yake meupe na kwa kodi za nyumba zilizopanda. Yaliyokuwa yakisemwa ndani hatukuyafuata sana, nami naona tulipitwa na darasa.

Chukua kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, katikati ya Rwanda. Ilianza kusikilizwa Januari 1997 mbele ya majaji watatu: Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Uswidi na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Tarehe 2 Septemba 1998 walimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza ya aina hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa baada ya kesi kusikilizwa. Hukumu ile ina sehemu nzima inayohusu ushahidi wenyewe: namna ya kuwasikiliza watu walioona jamaa zao wakiuawa, miaka mitatu au minne baadaye, ugenini, kwa lugha inayopita kwa mkalimani.

Tatizo lilikuwa hili. Shahidi alikuwa amehojiwa na wapelelezi kule Rwanda, maelezo yakaandikwa. Sasa amesimama Arusha, wakili wa utetezi ana ile karatasi mkononi. Hapa ulisema walikuwa watu kumi, leo unasema ishirini. Hapa ulisema asubuhi, leo unasema mchana. Umbali ulikuwa mita ngapi? Onyesha kwenye ramani. Na shahidi ni mkulima ambaye hajawahi kushika ramani maishani, wala hapimi safari zake kwa mita.

Majaji walizitaja sababu za tofauti hizo moja moja: muda uliopita, lugha, namna swali lilivyoulizwa, usahihi wa tafsiri, na athari ya mambo ya kutisha waliyoyapitia. Kutokana na hayo wakaupa uzito zaidi ushahidi uliotolewa mbele yao kwa kiapo kuliko karatasi za wapelelezi. Wakamsikiliza pia mtaalamu wa isimu kutoka Rwanda, Dakta Mathias Ruzindana. Alieleza kwamba katika jamii inayoishi kwa masimulizi ya mdomo, mtu anaweza kulisimulia jambo aliloambiwa kama vile aliliona mwenyewe, na hakuna anayemwona mwongo. Ila akaongeza kwamba Wanyarwanda katika hilo ni kama watu wengine wote: ukiwauliza vizuri, wanaweza kukutenganishia walichokiona na walichokisikia. Basi majaji wakajitahidi tofauti hiyo iulizwe muda wote wa kesi: hili uliliona, au uliambiwa?

Swali fupi kabisa, na nadhani ndilo jambo lenye manufaa zaidi lililotoka kwenye jengo lile. Akili huhifadhi habari kwa namna moja na asili ya habari kwa namna nyingine, tena asili hupotea mapema. Ndiyo maana unaweza kuwa na hakika ya jambo huku hujui ulilisoma, uliliota au ulihadithiwa na shangazi.

Kuna waliowalaumu majaji kwa upole huo. Nancy Combs, mwanasheria wa Marekani, alipitia mienendo ya kesi za mahakama kama hizi, ile ya Arusha ikiwemo, na katika kitabu chake cha mwaka 2010 alisema kwamba zaidi ya nusu ya mashahidi wa mashtaka katika kesi alizozisoma walitofautiana kwa kiasi kikubwa na maelezo yao ya mwanzo. Kwa maoni yake mahakama zilisamehe mno. Na ni kweli uongo wa makusudi ulikuwepo: Desemba 2007, hapa hapa Arusha, shahidi mmoja aliyetajwa kwa herufi tu alikiri kutoa ushahidi wa uongo, akafungwa miezi 9. Hoja ya Combs ni nzito, siipuuzi. Lakini nikipima, naona majaji wa Akayesu walishika njia iliyo karibu zaidi na ukweli wa jinsi binadamu anavyokumbuka. Mtu asiyetofautiana hata kwa neno moja kati ya mwaka 1995 na mwaka 1998 ndiye ambaye mimi ningemtazama mara mbili.

Kwa nini akili inafanya hivi? Maelezo ya zamani bado yana nguvu. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alichapisha kitabu ambamo aliwapa Waingereza hadithi ya Wahindi Wekundu wa Amerika ya Kaskazini waisome, kisha waisimulie tena na tena baada ya siku, wiki, miezi. Hadithi ilikuwa na mizimu na mambo yasiyoeleweka Uingereza. Kila iliposimuliwa ilizidi kuwa ya Kiingereza: mitumbwi ikageuka mashua, kuwinda sili kukawa kuvua samaki, mizimu ikachuja. Hakuna aliyekusudia kubadili. Walikuwa wanajenga upya kutokana na mabaki, na pale palipopungua wakaziba kwa walichokizoea.

Huyo huyo Bartlett aliona upande wa pili huku Afrika, katika nchi ya Waswazi, ambayo leo ni Eswatini. Mchungaji mmoja aliulizwa kuhusu ng'ombe walionunuliwa na mwajiri wake mwaka mmoja kabla. Akawataja mmoja mmoja: rangi, alama, aliyeuza, bei. Vilipolinganishwa na daftari, alikuwa amekosea vitu vidogo viwili tu. Mzungu mwenye daftari alishangaa. Mtu wa Monduli au Longido hashangai, maana anawajua wazee ambao watakutajia ukoo wa mtamba mpaka bibi yake wa tatu, halafu wakasahau tarehe ya mkutano wa kijiji. Bartlett hakusema Waswazi wana akili ya ajabu. Alisema mtu anakumbuka kile ambacho jamii yake inakijali. Hiyo inarudi moja kwa moja kwa yule mkulima wa Taba na ramani yake: kumuuliza mita na saa ni kumuuliza kwa daftari ambalo hakulitumia. Muulize nani alikuwa na nani, nani alikuwa mtoto wa nani, utapata majibu ya kukutosha.

Mwaka 2000 watafiti wa New York, Karim Nader akiwemo, walionyesha kwa panya jambo ambalo Bartlett angelifurahia. Kumbukumbu ya woga ikishaamshwa, inalegea kwa muda, na lazima ubongo uiimarishe upya. Ukiizuia kazi hiyo wakati huo, woga unafifia. Binadamu si panya, na mjadala unaendelea. Lakini wazo kwamba kukumbuka ni kufungua kanda ya redio, kuisikiliza na kuirudisha kabatini kama ilivyokuwa, limekwisha. Kila unapoifungua unairekodia juu kidogo.

Na anayerekodia juu mara nyingi ni muulizaji. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za magari yanayogongana, kisha wakawauliza yalikuwa na kasi gani. Tofauti ilikuwa kitenzi tu. Walioulizwa yalikwenda kasi gani yalipobamizana walijibu, kwa wastani, karibu maili 41 kwa saa. Walioulizwa yalipogusana walisema karibu 32. Katika jaribio la pili, wiki moja baada ya filamu, walioulizwa kwa neno kali walikuwa wepesi zaidi kusema kwamba waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo.

Ihamishie hapa mtaani. Bodaboda na bajaji vimekutana kwenye kona, watu wamejaa, anafika mwenye sauti kubwa: jamani, huyu boda si alikuwa anakimbiza kama kichaa? Dakika tano zilizopita kila mmoja alikuwa na kipande chake. Sasa wote wana kipande kimoja, cha yule mwenye sauti. Mjumbe akija au askari wa usalama barabarani akija, atapata mashahidi kumi wanaokubaliana, atafurahi, wakati kwa kweli amepata shahidi mmoja na wasikilizaji tisa. Hapo mimi ningemshauri mjumbe awatenganishe kwanza, mmoja huku, mwingine kule, na awaulize kwa swali lililo wazi: mama, hebu nieleze ulichokiona. Kisha anyamaze. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi.

Mahakama zetu hazikungoja maabara. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ikiwa changa kabisa, ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na si wa kutegemewa ovyo; mahakama isimtie mtu hatiani kwa huo mpaka iwe imeondoa kila uwezekano wa kukosea. Ikataja ya kuangaliwa: shahidi alimtazama mtuhumiwa kwa muda gani, kutoka umbali gani, ilikuwa mchana au usiku, mwanga ulikuwaje, je, alimfahamu kabla. Kila wakili nchini anaijua hukumu hiyo. Ukiichukua ukampelekea mwanasaikolojia wa leo, atasaini chini.

Kanuni nyingine wanayoipenda majaji wetu ni kwamba shahidi aliyemtaja mtuhumiwa mapema, nafasi ya kwanza tu aliyoipata, anaaminika zaidi kuliko aliyekaa miezi ndipo akakumbuka. Hii nayo ina mzizi wake kwenye utafiti. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu cha mwaka 1885, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri mamia kwa mamia ya silabi zisizo na maana. Baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya kazi ilikuwa imepotea. Baada ya siku 31 ilikuwa imebaki kama asilimia 21. Yaani upotevu mkubwa uko mwanzoni kabisa, kisha unatulia. Silabi si maisha, na tukio la damu halisahauliki kama silabi, lakini rangi ya shati, namba ya pikipiki, nani alitangulia kusema nini, hayo yanakwenda kwa mwendo huo huo. Anayekuambia tulale kwanza, kesho tutaandika maelezo, amekuibia.

Lakini kuna kumbukumbu ambazo tatizo lake ni kinyume: hazitoki. Kambi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, ilipokea Wanyarwanda na Wasomali wengi, na kwa miaka mingi wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walifanya kazi huko. Walichokieleza ni hiki: kwa mtu aliyejeruhiwa na vita, harufu, kelele, woga na maumivu vimehifadhiwa kwa nguvu kupita kiasi, lakini lini na wapi vimelegea. Kwa hiyo mlango ukibamizwa leo Nakivale, mwili wake uko Rwanda mwaka 1994. Hajui kwamba anakumbuka. Kwake linatokea sasa.

Tiba yao haina mashine. Mgonjwa anapewa kamba, anaitandaza sakafuni kuwa maisha yake tangu kuzaliwa, anaweka maua pale palipokuwa na furaha na mawe pale palipokuwa na msiba. Kisha, kikao baada ya kikao, anasimulia kwa mpangilio, mshauri akimrudisha kila mara kwenye mwaka, mahali, hali ya hewa, nani alikuwepo, mpaka jiwe linapata pa kukaa kwenye kamba. Katika kambi nyingine ya Uganda, Imvepi, Frank Neuner na wenzake waliijaribu kwa wakimbizi 43 wa Sudani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Mwaka mmoja baada ya tiba, waliosimulia maisha yao kwa njia hii ambao bado walikuwa na ugonjwa huo wa kumbukumbu zisizotoka walikuwa asilimia 29. Kwa waliopewa ushauri wa kawaida walikuwa karibu asilimia 80. Baadaye, huko Nakivale, kazi hiyo ilifanywa na wakimbizi wenyewe waliofundishwa.

Mwisho wa vikao, masimulizi yote yanasomwa, yanatiwa saini, na mwenyewe anapewa. Anaweza kuyaweka sandukuni, au kuyatoa yawe ushahidi wa yaliyotendeka. Na hapa ndipo mimi hukwama, maana nikimfikiria mtu huyo na karatasi yake mbele ya wakili wa utetezi, najua kitakachofuata. Maelezo ya kwanza kwa mpelelezi yalikuwa vipande vipande. Haya ya sasa yana mwaka, mwezi, mpangilio, hata mvua iliyonyesha. Wakili atauliza: haya yote umeyatoa wapi? Ni swali la haki, kwa sababu masimulizi yale yamejengwa kikao baada ya kikao, na mtu mwingine amesaidia kuyajenga. Mshauri aliyemtibu atajibu kwamba sasa ndiyo mtu huyu amekumbuka ipasavyo. Hakimu anayetaka kutenda haki itabidi azisome karatasi zote mbili, ajue ipi iliandikwa lini na nani aliuliza nini, na asimwambie shahidi kwamba amechelewa kupata nafuu.